Amenipaka Maji ya Kunde

Jina langu ni Semeni. Mama alinipa jina hilo nikiwa na siku tatu, kwa ajili ya majirani zake wa Ilula waliokuwa na mengi ya kusema kuhusu mimba isiyo na mume. Wenzake waliwapa watoto wao majina ya shukrani. Mimi nilipewa jina la kuwajibu watu, na sijawahi kulionea aibu. Kwa hiyo kamati ya kwaya iliponiandikia barua, tena yenye muhuri, kwamba nifike nijieleze kwa nini ninampaka mwanakwaya maji ya kunde usoni, sikutetemeka. Niliisoma mara mbili, nikacheka, halafu nikakasirika, na hasira ile nilikwenda nayo mpaka Mbeya.

Lakini nikianzia kwenye hasira sitaeleweka. Naanzia kwenye nyanya.

Mama yangu anauza nyanya Ilula, pale barabarani mabasi yanaposimama. Abiria akitoa kichwa dirishani, mama hamtajii bei kwanza. Anamuuliza, "Unakwenda wapi?" Wa Iringa mjini anapewa nyekundu, akapike leo. Wa Mbeya anapewa zilizofikia rangi ya chungwa. Wa Dar es Salaam anapewa zile ambazo ndiyo kwanza zinaanza kuona haya, za kijani zenye wekundu kidogo shavuni, zikamwivie huko huko kwake. Nilikuwa na miaka saba nilipojua kwamba nyekundu si rangi moja, na kwamba huwezi kumchagulia mtu rangi kabla hujajua anakokwenda.

Leo nina miaka ishirini na saba na ninapaka watu vipodozi Kihesa, mjini Iringa, katika saluni ya dada Amna. Kila anayekaa kwenye kiti changu namuuliza swali la mama. Unakwenda wapi? Kanisani saa mbili asubuhi, ukumbini saa moja jioni, kwa wakwe, kwenye usaili, kila mahali pana mwanga wake, na rangi ikishapakwa nayo inaiva kadiri saa zinavyokwenda. Wateja wengine hudhani ni umbea.

Nina kaunta buku lenye jalada jeusi. Humo sichori sura. Naandika nilichokiona na mahali nilipokiona. Bati la choo cha shule baada ya mvua ya kwanza, kutu iliyokolea katikati na uchungwa pembeni. Soksi za watoto wa Kihesa saa nane mchana, nyeupe juu, udongo mwekundu chini, na katikati huoni rangi moja imeishia wapi. Hizo soksi ndizo zilizonifundisha kupaka kope bila kuacha mpaka. Nilipokwenda Chunya kumsalimu mjomba anayechimba dhahabu, niliwaona wachimbaji wakitoka kwenye kinu cha mawe, vumbi uso mzima isipokuwa pale jasho lilipopita chini ya macho. Nikaandika: mstari wa chini ya jicho si lazima uwe mweusi. Siku nyingine nilichuchumaa kwenye dimbwi la kijiwe cha bodaboda, mahali mafuta yalipomwagikia maji yakatoa zambarau na kijani, mpaka vijana wakaniuliza kama nimedondosha kitu. Niliwaambia nimeokota.

Dada Amna ni mtu wa haki, ila imani yake yote iko kwenye simu. Mteja akifika, anamfungulia picha ya mwanamke wa nchi za watu, anasema, "Mpake hii."

"Huyu anakwenda wapi, dada?" nilimuuliza siku moja.

"Nitajuaje? Si yuko kwenye simu."

"Basi na sisi tutamfikisha wapi mteja?"

"Semeni, wateja hawataki kutu wala vumbi la Chunya. Wanataka wafanane na huyu. Paka."

Nilipaka, lakini niliiba kidogo. Kwenye shavu la bi harusi wake nilitia nyanya ya Dar es Salaam, ile inayoona haya, na yule dada alipotoka nje jua likampiga, mama yake akasema mtoto wangu amerudi kuwa na miaka kumi na tano. Dada Amna aliichukua sifa hiyo, na mimi nikanyamaza. Siku hizo nilikuwa bado najua kunyamaza.

Mama Sedekia anauza mkaa nyuma ya soko la Kihesa. Ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu, na wimbo wowote wenye sehemu ya kuanzisha peke yako, anauanzisha yeye, kwa sauti nene iliyotulia ambayo inawanyamazisha hata watoto wachanga. Mwaka jana kwaya ilirekodi video. Aliyekuja kuwapaka alikuwa na chupa moja tu ya faundesheni, nyeupe, na aliwapitishia wote thelathini. Mama Sedekia, kwa kuwa alisimama mbele kabisa, alipakwa zaidi. Kwenye video uso wake ni wa mtu mmoja na shingo ni ya mtu mwingine. Watoto wa mtaani wakampa jina la unga. "Mama Ngano, mama kasema utupimie mkaa." Mwaka mzima, kila siku, Mama Ngano.

Mwezi wa tano alileta gunia la mkaa saluni.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene, mwanangu."

"Nasikia mwaka huu mnakwenda kurekodi Mbeya."

"Wanakwenda. Mimi nitasimama nyuma, kule kwa wale warefu. Sauti wataisikia, sura wasiione."

"Na ile sehemu yako ya kuanzisha?"

"Si nitaanzishia huko huko nyuma." Alicheka, lakini mkono wake ulikwenda shingoni, ukakaa pale, kama anafunika kitu.

Niliumia. Sina sababu ya kuficha. Mwanamke anabeba gunia mgongoni mbele ya watu wote bila kuona haya, halafu anaona haya kwa sababu ya uso ambao wala si wake. Nilimharibia mteja wangu unyusi mmoja nikiwa namtazama yeye.

"Mama," nikamwambia, "utasimama mbele. Na uso utakaosimama nao ni huo huo ulio nao."

"Rangi yangu hawana madukani, Semeni."

"Rangi yako ni ipi?"

Alinishangaa. "Si maji ya kunde. Kwani wewe huoni?"

Nikaenda kwa dada Hiral, mwenye duka la vipodozi mjini. Hiral kazaliwa Iringa, baba yake pia kazaliwa Iringa, na Kihehe anakijua kuliko mimi. Nikamuuliza kama ana faundesheni ya maji ya kunde. Akapanga chupa juu ya kaunta na kunisomea majina yake, moja moja, kwa Kiswahili. Asali. Lozi. Mchanga. Pembe ya ndovu. Karameli.

"Karibu zote hizi chakula cha watu wengine," akasema. "Kunde wamesahau."

"Tutaipika wenyewe," nikamwambia.

Na ndivyo nilivyofanya. Tangu nizaliwe nimesikia watu wakisema fulani ni maji ya kunde. Inasemwa kwenye posa, inasemwa polisi, na kila mmoja anadhani anaijua. Mimi nilitaka kuiona. Nilinunua kunde nyekundu zilizotoka Ismani, nikazichemsha saluni siku ya Jumatatu ambayo hakuna wateja, na kila baada ya dakika kumi nilichota maji yake nikamimina kwenye glasi. Nilizipanga dirishani. Glasi ya kwanza ilikuwa chai ya mtu bahili. Ya tatu ilianza kupata wekundu kwa ndani. Ya sita, ya saa nzima, ilikuwa nzito, nyeusi ukiitazama kwa juu, lakini ukiinyanyua kwenye mwanga inawaka. Nilimwita Mama Sedekia, nikapitisha mkono wake nyuma ya glasi zote. Alikuwa glasi ya tano. Dada Amna alikuwa ya pili, japo alikataa kupimwa mpaka nilipomvizia. Mimi ni ya nne.

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Nilichukua chupa tatu za Hiral, moja ya kahawia iliyokolea, moja yenye wekundu, moja ya manjano kiasi, nikachanganya kwenye kisosi mpaka kisosi na glasi ya tano vikawa kitu kimoja. Nikampaka. Juu ya kope nikamwekea mkaa wake mwenyewe. Namaanisha rangi. Mkaa mzuri ukiuvunja una bluu kwa ndani, bluu ya kung'aa, na anayeuza mkaa ndiye anayeijua hiyo bluu kuliko mtu yeyote.

Nikampa kioo. Alikaa nacho muda mrefu. Kisha akapapasa chini ya kidevu.

"Shingo imeanzia wapi?" akauliza.

"Pale pale ilipoanzia siku zote."

Alitoka pale akitembea katikati ya barabara. Jioni ile walikuwa na mazoezi, na kina mama wakamzunguka wakimuuliza amepaka nini. Yeye, kwa furaha yake, akawajibu kwa neno alilokuwa nalo.

"Semeni amenipaka maji ya kunde."

Basi. Mtu mwingine angeelewa anamaanisha rangi. Lakini mmoja wao alikuwa amepita saluni Jumatatu, akaona sufuria jikoni na glasi dirishani. Kufika Jumatano habari ilikuwa Semeni anawapaka wateja maji ya kunde. Ijumaa yalikuwa maji ya kunde yaliyolala siku tatu. Jumapili, baada ya ibada, yakawa na mizizi ndani, na kazi yake ni kumfanya mwimbaji apendwe kuliko wenzake. Wateja wawili walifuta miadi. Mmoja akanitumia ujumbe kuuliza kama bado anaweza kupakwa "ile ya kawaida".

Ndipo ikaja barua yenye muhuri.

"Nenda ukaombe radhi," dada Amna akaniambia. "Waambie ni faundesheni ya dukani, umetoa kwa Hiral, yameisha."

"Ni ya dukani kweli. Lakini pia ni maji ya kunde."

"Unataka ushindi au unataka kazi?"

"Nataka Mama Sedekia asimame mbele."

"Hilo siyo jibu."

"Ndilo nililo nalo, dada."

Jumamosi saa kumi niliingia kwenye ukumbi mdogo wa kanisa na sufuria kichwani. Nilikuwa nimechemsha kunde nyingine za Ismani, nikaziunga kwa nyanya za mama na vitunguu, nikaja na sahani na glasi, na kwenye chupa ya chai nikatia maji yenyewe, ya saa nzima. Kamati walikuwa watano. Katikati alikaa mwenyekiti wa kwaya, mzee Silvester, mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye anaimba sauti ya chini kabisa na hapendi maneno. Pembeni yake alikaa katibu, Fred, ambaye maneno anayapenda kwa niaba ya wote. Mama Sedekia alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani.

Niliwaamkia. Fred akasoma tuhuma. Alipomaliza nikamimina maji kwenye glasi, nikanywa yote mbele yao, nikamimina nyingine.

"Hayo ndiyo maji ya kunde," nikasema. "Mizizi hakuna. Anayetaka ale, kunde zenyewe zipo, za moto. Usoni kwa Mama Sedekia nimepaka faundesheni, na dada Hiral ni shahidi. Nilichochukua kwenye kunde ni rangi tu, kwa macho."

"Sasa kwa nini usichukue rangi mahali pa maana?" Fred akauliza. "Watu wanachukua kwenye mitindo. Wewe unachukua kwenye sufuria. Hii video itaonwa na watu wengi, bwana. Tunataka mng'ao. Wanakwaya wote wawe sare, uso mmoja."

"Uso mmoja wa nani?"

"Uso mzuri."

"Kaka Fred, wewe ni rangi gani?"

Alicheka kidogo. "Mimi? Mimi maji ya kunde."

"Umeisoma wapi hiyo?"

Nikamgeukia mwenyekiti. Hapa nilijua ninakwenda kugusa kidonda, na niligusa, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka miwili iliyopita mdogo wake mzee Silvester, Jailos, ambaye akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka, alitoka nyumbani kwenda kununua chumvi na hakurudi. Kwa Jumapili nne tulisikia tangazo lile kanisani, na redioni pia. Anatafutwa Jailos, umri miaka hamsini na moja, mrefu wa wastani, rangi yake maji ya kunde, amevaa koti la bluu. Nakumbuka nilivyotazama huku na huku kwenye mabenchi. Nusu ya kanisa tulikuwa Jailos. Hajapatikana mpaka leo.

"Mzee wangu, unisamehe," nikasema. "Ulipoandika lile tangazo la baba Jailos, uliandika maji ya kunde. Hukuandika asali wala mchanga. Uliandika neno ambalo kila mtu atamjua nalo. Sasa rangi tunayomtafutia mtu aliyepotea, iweje haifai kumpaka mtu aliyepo?"

Mzee Silvester alinyoosha mkono, akachukua glasi, akainyanyua kuelekea dirishani. Aliitazama muda mrefu. Hakunywa. Aliirudisha mezani taratibu na kusema anaomba radhi, macho yanamsumbua, katibu aendelee.

Katibu akaendelea. Uamuzi ulikuwa umeandikwa kabla sijafika, nao ukasomwa. Kazi ya kupaka itafanywa na binti wa Mbeya anayefanya kazi na studio ya mpiga picha. Semeni hataambatana na kwaya. Mama Sedekia atasimama mbele kama sauti inavyotaka, na atapakwa kama wengine, kwa usawa.

Walikula kunde zote, lakini. Sufuria nilirudi nayo tupu.

Dada Amna alishasikia kabla sijafika mlangoni. Aliniambia nikienda Mbeya bila kuitwa, brashi za saluni zisiondoke na nisimtaje. Sikumlaumu, ana watoto na ana wateja. Nilimwachia brashi zote, nikazipanga kwa ukubwa kama anavyopenda. Hiral alinipa sponji mbili, kisosi, rangi za kope na chupa zangu tatu, akasema, "Usiloweshe sponji sana." Nikapanda basi la Mbeya na kaunta buku langu, kwa nauli yangu, nikalala kwa binamu yangu Mwanjelwa.

Walichagua kurekodi juu Uporoto, kwenye mashamba ya pareto. Asubuhi nilipanda gari la Tukuyu, nikashuka Isyonje, nikapanda kilima kwa miguu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio na ukungu ulikuwa haujaondoka. Pareto ilikuwa imechanua pote, maua meupe yenye moyo wa manjano, na nilisimama pembezoni mwa shamba nikaandika kwanza, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo: manjano ya pareto, asubuhi, kwenye kona ya ndani ya jicho tu.

Kwaya walikuwa wameshashuka kwenye Coaster, sare zao za damu ya mzee zikionekana mbali. Mpiga picha, kijana wa Kihindi wa Mbeya aitwaye Ronak, alikuwa anapima mwanga na kulalamika juu ya mawingu. Yule binti, Lusekelo, alikuwa na kiti, meza na chupa moja kubwa. Nilimwonea huruma. Alikuwa msichana mdogo mwenye mikono mizuri, anafanya alichoambiwa. Wanawake sita walishapita kwake, na wote sita walikuwa wamegeuka ndugu.

Mama Sedekia aliniona. Hakunipungia. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, na Lusekelo akaanza upande wa kushoto. Nilikuwa nimetoka Iringa, nimeacha brashi, labda nimeacha na kazi, na yeye amekaa. Nilisema moyoni, haya, Semeni, sema sasa. Sikuwa na la kusema.

Lusekelo alipomaliza shavu la kushoto na nusu ya paji, Mama Sedekia alifumbua macho.

"Binti, nipe kioo."

Akapewa. Akajitazama. Kisha akasimama, akawageukia wanakwaya wote, nusu ya uso nyeupe, nusu ya uso wake.

"Mnaniona?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Hapa wako wawili. Kuna huyu wa kushoto, mimi simjui, sijui kwao wapi. Na kuna huyu wa kulia, Mama Sedekia, muuza mkaa. Mniambie yupi ataanzisha wimbo. Mimi nina sauti ya mmoja tu."

Fred alitazama saa yake. Akasema mama, tafadhali, mwanga unapotea, watu wametoka mbali.

"Na mimi nimetoka mbali, Fred. Mwaka mzima naitwa Ngano. Wewe wamekuita nani?"

Mama Sedekia alikwenda kwenye ndoo ya maji ya kunawia, maji ya mlimani yale, akainama, akanawa uso mzima kwa mikono miwili. Aliponyanyuka alikuwa anatiririka na anatetemeka kwa baridi. Akaita kuelekea shambani.

"Semeni. Lete hayo maji ya kunde."

Nilikwenda nikikimbia. Nilimkalisha kwenye kiti cha Lusekelo, nikamfuta kwa kanga yangu, nikamuuliza, kwa sababu namuuliza kila mtu, "Unakwenda wapi, mama?"

"Mbele," akasema.

Nilimpaka kwa sponji na vidole. Glasi ya tano niliijua kwa kichwa. Mkaa kwenye kope, na kwenye kona ya jicho nikamtia pareto. Lusekelo alisimama nyuma yangu akitazama. "Dada, hiyo ya njano umeitoa wapi?" akauliza, na nilimwonyesha shamba kwa kidole chenye rangi. Akatazama maua yale kama hajawahi kuyaona, na yeye kazaliwa huko huko. Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga", akaifunga ile chupa yake kubwa na kuanza kunishikia kisosi.

Ronak aliweka kamera usawa wa Mama Sedekia, akamtazama, akatazama kioo cha kamera, akamtazama tena. "Huyu sasa naona mpaka anafikiri nini," akasema. Akarudi kwenye mawingu yake.

Wale sita walioshageuka ndugu walikuwa wa kwanza kwenda kwenye ndoo. Wengine wakapanga foleni. Mshona nguo nilimpa kitenge kilichopauka magotini. Anayefundisha darasa la kwanza nilimpa ile ya soksi, akacheka mpaka nikalazimika kuanza upya. Fred alisimama mbali akiongea na simu ambayo nadhani haikuwa na mtu.

Mzee Silvester alikuja wa mwisho, baada ya wanawake wote. Safari hii wanaume walipakwa pauda tu, wasing'ae mbele ya kamera, na pauda ilikuwa kwa Lusekelo. Lakini alikuja kwangu, akavua kofia, akakaa. Nilifikiri amekuja kunifukuza akiwa amekaa, kwa upole wake.

"Mwaka jana na mimi walinipaka ile nyeupe," akasema. "Nilijitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, sikujijua mara moja." Aliizungusha kofia mapajani. "Hizi video zinafika mbali, Semeni. Watu wanatumiana. Mtu anaweza akawa amekaa mahali, kibanda cha chai, hana habari na mtu, akaonyeshwa."

"Ndiyo, mzee."

"Tunafanana sana, mimi na yeye. Mama alikuwa anatuchanganya." Akaiweka kofia chini. "Ile ya kwenye tangazo. Unayo?"

"Ninayo."

Nilichukua kisosi kutoka kwa Lusekelo, nikapima mkono wa mzee kwa macho. Alikuwa glasi ya sita, ya saa nzima, ile inayowaka ukiinyanyua kwenye mwanga, na ndiyo maana siku ya kamati aliitazama vile. Mdomo wangu ukamuuliza kwa mazoea tu, kama unavyomuuliza kila mtu.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Aliko Jailos," akasema.

Nikafungua chupa ya kahawia iliyokolea, nikachanganya, nikaanzia kwenye paji la uso.